Asiyekuwapo na lake halipo: deni la mfasiri kwa mwandishi



Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii husemwa barazani, pale mali inapogawanywa au shauri linapokatwa na mmoja wa wenye haki hakuhudhuria. Leo napenda kuihamishia katika fasihi, kwa sababu mwandishi anayefasiriwa ndiye hasa huyo asiyekuwapo. Maneno yake huvishwa lugha ambayo pengine haijui, husomwa na watu asiowajua, na mara nyingi yeye mwenyewe amekwisha kufariki dunia. Yu mikononi mwa mfasiri kama maiti mikononi mwa mwoshaji.

Swali la mazungumzo yetu basi ni hili: mfasiri ana deni gani kwa mtu huyo? Na yule anayeandika wasifu wake, yaani habari za maisha yake, naye anadaiwa nini?

Nitalijibu kwa kuwatazama watu watatu wa pwani yetu ambao maneno yao yalipita Ujerumani katika muda usiozidi miaka ishirini, baina ya mwaka 1886 na 1905. Wa kwanza ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Wa pili ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye ulimwengu unamjua kwa jina la Tippu Tip. Wa tatu ni Sayyida Salme binti Said wa Unguja, aliyekuja kuitwa Emily Ruete. Kila mmoja anatufunza deni lake: wa kwanza deni la jina, wa pili deni la sifa, na wa tatu deni la neno na la yule anayeandikiwa.

Deni la jina

Mtoro bin Mwinyi Bakari alizaliwa Dunda, karibu na Bagamoyo, yapata mwaka 1869. Alisoma Kurani na elimu ya sheria, na mwaka 1900 akaenda Berlin kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki. Hicho kilikuwa chuo kilichowatayarisha Wajerumani waliokuwa wakielekea makoloni, maafisa kwa wafanyabiashara. Huko alifanya kazi chini ya Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili ambaye kabla ya hapo aliwahi kuwa mkalimani wa serikali ya kikoloni katika Afrika Mashariki.

Mwaka 1903 kikatoka katika mji wa Göttingen kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli, na mwaka huo huo kikatoka pia kwa Kijerumani. Ndani yake mna habari za uzazi na malezi, chuo cha Kurani, unyago, ngoma, ndoa na talaka, utumwa, pepo na waganga, safari za bara, sheria na mazishi. Kiswahili chake ni cha mtu aliyekulia ndani ya mambo anayoyasimulia. Hashangai wala hababaiki; anaeleza kama mzee anayemweleza kijana wa nyumbani kipi hufanywa, kipi hakifanywi na nani hulipa gharama. Sehemu kubwa ya maneno hayo ni ya Mtoro, na nyingine ni za Waswahili wenzake. Lakini jina lililokaa juu ya jalada ni la Velten.

Tumfanyie Velten insafu. Hakulificha jina la Mtoro, kwani ndani ya kitabu limo. Tena alikichapisha Kiswahili chenyewe, si tafsiri peke yake, na hilo ni jambo ambalo wengi wa zama zake hawakulifanya. Bila ya juhudi yake huenda leo tusingekuwa na kitabu hicho cha kukizungumzia.

Hata hivyo, kutajwa ndani hakulingani na kuitwa mwandishi. Jina la jaladani ndilo linaloingia katika orodha za maktaba, ndilo wanaloliandika wanafunzi katika tasnifu zao, na ndilo linalorithiwa. Kwa miaka mingi msomi aliyetaka kueleza harusi ya Mswahili au tanga la matanga aliandika kwamba Velten amesema, na hali Velten hakuwa amesema bali alikuwa amekusanya. Aliyesema akawa shahidi asiye na jina.

Angalieni pia kilichotokea kwa neno lenyewe, desturi. Katika Kiswahili, desturi ni mwongozo wa kuishi. Ukimwambia mtu kwamba hiyo ndiyo desturi, unamwambia naye aifuate. Kwa Kijerumani neno hilo liliingia katika fungu la vitabu vilivyoandikwa kwa wingi wakati ule juu ya mila za watu wa mbali, vitabu vinavyoeleza jinsi watu fulani wanavyokula na wanavyozikana, kwa msomaji asiyetarajiwa kufuata lolote. Hakuna neno lililofasiriwa vibaya. Mafunzo ya nyumbani yamegeuka kuwa maonyesho kwa sababu tu aliyekuwa mwalimu amewekwa upande wa vitu vinavyotazamwa.

Maisha ya mtu huyu yanaufanya msiba huo uwe mzito zaidi. Mtoro alioa mwanamke wa Kijerumani, na mwaka 1905 walisafiri pamoja kurejea Afrika Mashariki. Serikali ya kikoloni haikuwaruhusu kushuka Dar es Salaam. Ikabidi warudi Ujerumani. Baadaye alifundisha kwa muda mjini Hamburg, akatoa mihadhara hapa na pale juu ya nchi yake, na hatimaye akafia Berlin mwaka 1927. Yule aliyewaeleza Wajerumani jinsi Mswahili anavyopokewa akirudi safarini, yeye mwenyewe hakupokewa.

Jina lake lilichukua muda kurudi. Mwaka 1981 ilitoka nchini Marekani tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, mtaalamu aliyetumia miaka mingi kukusanya miswada ya Kiswahili, na katika kichwa cha kitabu hicho limetajwa wazi jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari. Miaka 78 ilikuwa imepita. Kisha mwaka 2009 likatoka Dar es Salaam, kwa wachapishaji Mkuki na Nyota, chapisho la wasifu wake lililoandikwa na Ludger Wimmelbücker, na humo anaitwa mhadhiri na mwandishi. Ndipo tunapoona kwamba wasifu na tafsiri ni ndugu. Tafsiri nzuri isiyotuambia aliyesema ni nani, alikuwa wapi na alikuwa akimtumikia nani, ni sauti inayotoka nyuma ya pazia.

Deni la sifa

Tippu Tip hakuhitaji mtu wa kumpa jina. Alizaliwa Unguja yapata mwaka 1837, akawa mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu na wa watumwa, akaingia mpaka ndani kabisa ya Kongo, na mwaka 1887 akakubali kuwa liwali wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji huko Stanley Falls, mahali panapoitwa leo Kisangani. Wasikilizaji wetu wa mashariki ya Kongo wanajua kwamba Kiswahili chao kina uhusiano mkubwa na njia za misafara ile.

Uzeeni mwake, akiwa amerudi Unguja, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu. Heinrich Brode, aliyekuwa akifanya kazi katika ubalozi mdogo wa Ujerumani kisiwani, aliyageuza maandishi hayo kuwa katika hati za Kilatini, akayafasiri kwa Kijerumani, nayo yakachapishwa Berlin katika jarida la Seminari ile ile aliyofundisha Mtoro, mwaka 1902 na 1903. Kwa kadiri tunavyojua, ni miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa kuandikwa kwa Kiswahili.

Ukiyasoma kwa jicho la mhakiki, jambo la kwanza linalokugonga ni hesabu. Huyu ni mtu wa daftari. Anakumbuka amekopa bidhaa kwa nani, pamoja na Taria Topan, tajiri wa Kihindi aliyemdhamini; anakumbuka frasila za pembe, bei zake, na nani ndugu wa nani kwa upande wa mama. Vita vinasimuliwa kwa kasi ile ile ya kusimulia biashara. Hajieleze moyo wala hajitetei. Watu waliotekwa wanapita katika simulizi kama mali inavyopita forodhani, kwa idadi, bila majina. Ubaridi huo ndio ushahidi mkubwa kabisa uliomo ndani ya kitabu hicho, na yeye mwenyewe ndiye anayeutoa bila ya kulazimishwa.

Sasa tazameni alichofanya Brode. Mwaka 1905, mwaka ambao Tippu Tip alifariki, alichapisha Berlin wasifu wa mtu huyo. Katika kichwa cha kitabu alimwita dhalimu wa Afrika ya Kati. Mwaka 1907 wasifu huo ulitoka London kwa Kiingereza. Katika kichwa cha Kiingereza udhalimu umeondoka, na badala yake tunaambiwa kwamba ni hadithi ya kazi yake katika Afrika ya Kati. Matoleo yote mawili yanadai kwamba yametokana na maelezo ya mwenyewe. Mtu ni mmoja na maisha ni yale yale. Berlin ni dhalimu, London ni mtu mwenye kazi yake, na katika Kiswahili chake mwenyewe yeye ni Hamed bin Muhammed, anayezungumza juu ya madeni na safari.

Sisi tunaofanya kazi ya redio tunaujua mtihani huu kila siku. Sauti ya mtu inasikika kidogo, halafu inafifishwa, na sauti ya mfasiri inapanda juu yake. Mfasiri anatakiwa achague: alisema, alidai, alikiri, alijigamba? Katika lugha ya asili mtu huyo amesema tu. Ukiandika alidai, umekwisha kumwambia msikilizaji asiamini. Ukiandika alikiri, umekwisha kumhukumu. Hakuna msikilizaji atakayejua kwamba hukumu hiyo imetoka kwako, kwa kuwa imepita ndani ya kinywa cha msemaji.

Je, Tippu Tip hakuwa dhalimu? Watu wengi wa Kongo na Tanganyika, ambao mababu zao walichukuliwa na misafara hiyo, wana haki ya kusema kwamba alikuwa, na wana hoja. Mwandishi wa wasifu anaruhusiwa kuhukumu. Lakini na ahukumu kwa jina lake mwenyewe, katika kitabu chake mwenyewe, na atoe ushahidi wake. Mfasiri hana ruhusa hiyo ndani ya tafsiri. Ndiyo maana chapisho la W. H. Whiteley la mwaka 1958 na 1959, lililoweka Kiswahili na Kiingereza pamoja, liliwafaa wasomaji kuliko wasifu wowote. Ukitilia shaka neno la mfasiri, unalitazama la mwenyewe.

Kuna na kishawishi cha upande wa pili, nacho ni kibaya vile vile: kumsafisha mtu. Mfasiri anaweza kulikuta neno mtumwa akaandika mtumishi, akakuta mateka akaandika wapagazi, kwa kuona haya au kwa kuwapenda wazawa wake. Hapo methali yetu inauma mara mbili. Mwandishi hayupo, ni kweli. Lakini wako wengine ambao hawakuwapo hata katika maandishi ya asili, nao ni wale waliohesabiwa bila kutajwa majina. Alama pekee waliyoachiwa katika kitabu ni lile neno moja, mtumwa. Ukilibadilisha, umewafuta kabisa.

Deni la neno na la msomaji

Sayyida Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja, binti wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi aliyeletwa utotoni kama mtumwa. Salme alijifunza kuandika kwa siri, jambo ambalo watoto wa kike wa jumbani hawakufundishwa. Mwaka 1866 alitoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden, na mwaka uliofuata akabatizwa huko na kuolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, Heinrich Ruete. Mwaka 1870 mumewe akafariki kwa ajali ya tramu, naye akabaki na watoto watatu katika nchi ya baridi ambayo lugha yake alikuwa bado anajifunza.

Mwaka 1886 alichapisha Berlin kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Hapa hakuna Velten wala Brode, kwani mwandishi na mfasiri ni mtu mmoja. Maisha yaliyoishiwa kwa Kiarabu na Kiswahili ameyaandika mwenyewe kwa lugha ya ugenini, kwa wasomaji ambao wengi wao hawakuwahi kumwona mtu wa kwao. Kwa hiyo kila sura ina pande mbili: anasimulia, na papo hapo anabishana. Anabisha juu ya hali ya wanawake, anabisha juu ya malezi, na katika utumwa anautetea utaratibu wa kwao mbele ya Wazungu, kwa maneno ambayo msomaji wa leo hawezi kuyapokea. Mfasiri mwaminifu hana budi kuyaacha maneno hayo yalivyo. Salme aliyetolewa utetezi wake wa utumwa ni sanamu ya binti mfalme katika Alfu Lela Ulela, wala si mwanamke aliyeishi.

Chukueni neno moja, suria. Katika lugha nyingi za Ulaya hugeuzwa kuwa kimada, na msomaji hufikiri juu ya mapenzi ya siri na aibu. Lakini suria ni hadhi ya kisheria. Ni mtumwa mwanamke ambaye bwana wake ana haki naye, na akimzalia mtoto, mtoto huyo ni huru, ana nasaba ya baba na anarithi kama watoto wengine, na mama haruhusiwi kuuzwa tena na huwa huru bwana akifa. Watoto wa Sayyid Said walikuwa ni wa masuria. Masultani waliomfuata Unguja, Majid na Barghash, walikuwa wana wa masuria, na Salme vile vile. Ukiandika kimada umempotosha msomaji juu ya heshima. Ukiandika mke umempotosha juu ya uhuru, kwa sababu mwanamke yule hakuulizwa. Salme alijua hayo. Katika Kijerumani chake aliliacha neno la Kiarabu, akalieleza. Wakati mwingine uaminifu ni kuliacha neno ligonge, msomaji asimame auliz

e, kuliko kumpa neno laini litakalompitisha bila kujua.

Salme aliacha na maandishi mengine ambayo hakuyachapisha maishani mwake, yanayojulikana kama Barua kwa Nyumbani. Yameandikwa kana kwamba yanapelekwa kwa rafiki wa Unguja asiyetajwa jina, na yanasimulia yale ambayo kumbukumbu hazikuyasema: upweke wa Hamburg, dini aliyoingia bila kuijua, ujane, na uchovu wa kutazamwa. Yeye alifariki mwaka 1924 katika mji wa Jena. Barua hizo zilitoka mwaka 1993, kwa tafsiri ya Kiingereza, katika chapisho la E. van Donzel. Kijerumani chenyewe kilichapishwa baadaye, mwaka 1999.

Tufikirini kidogo. Barua zimeelekezwa kwa rafiki wa Unguja, zimeandikwa kwa lugha ambayo rafiki wa Unguja asingeweza kuisoma, na zimetangulia kuwafikia wasomaji kwa lugha ya tatu. Je, ilikuwa halali kuchapisha alichokiacha sandukuni? Wahakiki wanaweza kuvutana. Mimi naona kwamba mtu anayeandika kwa uangalifu namna ile, anayepanga habari na kuzipa mwendo, alikuwa na msomaji akilini. Lakini msomaji huyo alikuwa wa nyumbani. Kwa hiyo deni la barua hizo haliwezi kulipwa Leiden wala London peke yake. Litalipwa siku zitakaposomwa kwa kawaida na kwa wingi katika lugha ya yule zilizokusudiwa kumfikia.

Maneno yaliyorudi nyumbani

Tusidhani kwamba mizani hii ni ya kuwapimia Wazungu tu. Sisi pia ni wafasiri, na sisi pia tuna mkono mzito. Mwaka 1969 Mwalimu Julius Nyerere alitoa tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare juu ya mfanyabiashara wa Venisi, akaiita Mabepari wa Venisi. Shakespeare alimtaja mfanyabiashara mmoja. Mwalimu akaleta mabepari, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Hiyo ni hukumu, na imewekwa palepale jaladani. Lakini majina yote mawili yalikuwa wazi, la mwandishi na la mfasiri, na tamthilia ya asili inapatikana katika kila maktaba ya dunia. Shakespeare hawezi kupotea kwa neno moja la Mwalimu. Mtoro aliweza kupotea. Kadiri mwandishi asivyo na nguvu za kujitetea, ndivyo deni la mfasiri linavyokua.

Na liko tukio moja la kututia moyo. Miaka miwili kabla ya kitabu cha desturi, mwaka 1901, Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, simulizi za Waswahili wenyewe juu ya misafara ya bara, na pamoja nazo habari za Salim bin Abakari aliyefuatana na Mjerumani mpaka Urusi na Siberia. Mwaka 1965 Lyndon Harries alizifasiri baadhi ya nathari alizokusanya Velten kwa Kiingereza. Mwaka 1994 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja anayeishi Uingereza, alichapisha riwaya yake Paradise, na wahakiki wameonyesha jinsi simulizi zile za kale zinavyosikika ndani yake, katika msafara wa tajiri kuelekea bara na katika mazungumzo juu ya nchi ya Warusi. Mwaka 2021 Gurnah akapewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi. Na mwaka 2022 riwaya hiyo ikatoka Dar es Salaam kwa Kiswahili, kwa jina la Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis.

Maneno yaliondoka pwani kwa Kiswahili, yakapita Göttingen, yakapita kwa Waingereza, yakageuka riwaya, yakarudi pwani kwa Kiswahili. Yamechukua zaidi ya karne moja, na hayakurudi yale yale. Lakini safari hii msomaji wa Bagamoyo anamjua mwandishi ni nani na mfasiri ni nani.

Sanduku la nyumbani

Namalizia kwa jambo linalotuhusu sisi tulioko ughaibuni. Katika nyumba nyingi za Maskati, Dubai, London na kwingineko mna sanduku au mkoba wenye barua za mababu, hati za mashamba, wasia na madaftari ya biashara, vingi vikiwa ni Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Wajukuu hawawezi kuzisoma. Iko siku mtoto ataomba zifasiriwe kwa Kiingereza, na atakayefanya kazi hiyo ni wewe, au binamu yako, au mtaalamu wa chuo kikuu atakayebisha hodi. Siku hiyo wewe ndiwe utakayekuwa katika nafasi ya Velten, ya Brode na ya van Donzel.

Basi haya ndiyo nionayo kuwa ni haki. Kwanza, karatasi ya asili isitupwe wala isitolewe bila ya nakala yake kubaki nyumbani. Pili, Kiswahili chake kinakiliwe kwanza kama kilivyo, na tafsiri ikae kando yake, si mahali pake. Tatu, jina la aliyeandika litangulie, na lile la aliyeandikishwa au aliyehadithia nalo litajwe. Bibi aliyekuwa akisema huku karani akiandika, yeye ndiye mwenye maneno. Nne, mfasiri atie jina lake, na maoni yake ayaweke chini ya ukurasa ambapo yataonekana kuwa ni yake.

Na tano, lililo gumu kuliko yote. Ukilikuta neno mjakazi, mzalia au mtumwa, liache. Utaona haya mbele ya watoto. Huenda ukagundua kwamba babu alikuwa mwenye watumwa, au kwamba bibi mzaa bibi alinunuliwa, au yote mawili katika ukoo mmoja, kama ilivyokuwa kwa Salme. Hapo utatamani sana kulainisha. Kumbuka tu kwamba katika karatasi hiyo kuna mtu mwingine asiyekuwapo, ambaye hakuna aliyemwuliza jina, na kwamba neno hilo moja ndilo lake.